Kazi na Umbali: Historia ya Mfanyakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Siku hizi yasemwa mara nyingi kwamba teknolojia imeigeuza kazi ikawa kitu kipya kabisa. Yasemwa kwamba kwa msaada wa kompyuta na intaneti mtu aweza kuketi nyumbani kwake Tukuyu au Mafinga akamfanyia kazi mwajiri aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au London, na ujira wake ukamfikia kwa njia ya simu bila yeye kuvuka hata mto mmoja. Maneno hayo yana ukweli, wala hatuna nia ya kuyapinga. Lakini wenye kuyasema husahau kwamba kumtumikia mwajiri wa mbali si jambo geni kwa wananchi wa Mbeya na Iringa. Babu zetu walifanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Wao waliifuata kazi kwa miguu, ilhali wajukuu wao wanaletewa kazi hiyo kwa waya.

Katika insha hii tumekusudia kuieleza safari hiyo, tangu jembe la Mkinga hadi kompyuta ya leo. Tunaposema Mbeya na Iringa twamaanisha nchi yote iliyokuwa ndani ya mikoa hiyo miwili kabla ya Njombe kufanywa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Tutaona kwamba kila kilipokuja chombo kipya katika nchi hii ya milima, heri au shari ya mfanyakazi haikutokana na ubora wa chombo peke yake. Ilitegemea majibu ya maswali mawili: ni nani aliyeyaweka masharti ya kazi, na ni nani aliyebeba gharama za maisha ya mfanyakazi.

Jembe ndilo lililosafiri

Historia ya ufundi katika nchi hii ni ndefu. Pale Isimila, karibu na mji wa Iringa, kandokando ya barabara iendayo Mbeya, ziligunduliwa mwaka 1951 zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale sana. Zana hizo zinatukumbusha kwamba mkono wa fundi ulikuwako hapa muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kutia nanga pwani.

Katika karne zilizo karibu zaidi nasi, Wakinga na Wapangwa, wakaao katika milima iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa, walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki. Majembe yao yaliteremshwa hadi kwa Wanyakyusa, ambao nchi yao yenye mvua nyingi ilikuwa na chakula tele na ng'ombe, wakabadilishana. Kwa hiyo hata zamani hizo palikuwa na kazi iliyowafaa watu wa mbali. Lakini kilichosafiri ni jembe. Mhunzi mwenyewe alibaki kwake, tanuru lilikuwa lake na ndugu zake, na thamani ya jembe aliijadili yeye mwenyewe uso kwa uso na mnunuzi.

Kazi nzito za kulima, kuvuna na kujenga zilifanywa kwa ujima. Katika Uhehe na Ubena mwenye shamba aliita mgowe: alitengeneza pombe, majirani wakaja na majembe yao, wakalima kwa nyimbo, kisha wakanywa pamoja. Aliyealika leo alialikwa kesho. Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa ya peponi. Palikuwa na vita, palikuwa na utumwa, na palikuwa na wakubwa waliowatumikisha wadogo. Hata hivyo mtu aliyeshika jembe alijua analimia nani, na aliyelimiwa alilijua jina la kila aliyelima.

Wakati wa manamba

Utawala wa Kijerumani uliuvunja mpango huo. Wahehe, chini ya Mtwa Mkwawa, waliupinga kwa silaha. Tarehe 17 Agosti 1891 waliliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo, na upinzani haukwisha mpaka Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai. Mwaka uo huo ndipo Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao. Miaka michache baadaye Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu 1905 hadi 1907, vilifika Ubena na Upangwa, na njaa ikafuata nyuma yake. Watu waliobaki walitakiwa kulipa kodi kwa fedha, na fedha haikuota katika mashamba ya ulezi.

Fedha ilikuwako mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge, na kwa muda wa miaka iliyofuata mashamba ya zao hilo yalienea Tanga na kandokando ya reli ya kati. Mkonge ulihitaji mikono mingi. Wakoloni, kwanza Wajerumani na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza, waliona ni afadhali mikono hiyo itoke katika wilaya zisizokuwa na zao la biashara wala reli. Hivyo ndivyo Njombe, pamoja na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini, ilivyogeuzwa kuwa ghala la vibarua. Hatupaswi kudhani kwamba umaskini wa fedha wa wilaya hizo ulikuwa wa asili. Mahali palipolimwa kahawa na watu wenyewe, kama katika sehemu za Rungwe, mwandikishaji wa vibarua alipata kazi ngumu zaidi kuwashawishi watu.

Kijana aliyeandikishwa alitia alama ya dole gumba katika mkataba asioweza kuusoma, akapewa namba. Kutokana na namba hiyo aliitwa manamba, na neno hilo likaingia katika lugha yetu likabaki. Huko shambani alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kila siku aliyoimaliza kazi aliyopimiwa ilitiwa alama, na ujira ulilipwa kipande kilipojaa. Siku ambayo hakuimaliza haikuhesabiwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kama SILABU, likawa linawasafirisha watu kwa maelfu kutoka mikoa ya mbali.

Wengine hawakwenda Tanga. Dhahabu iliyogunduliwa katika bonde la Lupa, Chunya, mwaka 1922 iliwavuta watu wengi, na mji wa Mbeya wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Wanyakyusa wengi walivuka mpaka kwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine waliandikishwa na wakala wa migodi ya Afrika Kusini aliyejulikana kwa jina la Wenela, wakachimba dhahabu chini ya ardhi ya watu waliowabagua, mpaka serikali ya Uhuru ilipoukomesha uandikishaji huo.

Sasa na tuulize: ujira wa manamba ulipangwaje? Ulipangwa kuwa ujira wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mwajiri alihesabu kwamba mke yuko Njombe, analima. Watoto wanakula mahindi ya mama yao. Mfanyakazi akiugua au akizeeka atarudi kwao akatunzwe na ndugu zake. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kibena aliyebaki na jembe lake alimsaidia mwenye shamba la mkonge kila siku bila yeye mwenyewe kujua, kwa kuwa alibeba gharama ambayo ilimpasa mwajiri kuilipa. Umbali kati ya nyumba na kazi ndio uliomwezesha mwajiri kuuficha unyonyaji huo. Mwenye shamba hakuiona njaa ya nyumbani, na mke hakukiona kipande.

Mpango wa manamba ulikoma katika miaka ya 1960. Vyama vya wafanyakazi, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la TFL, vilidai mshahara wa haki, na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waligoma mara nyingi katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Baada ya Uhuru serikali iliweka kima cha chini cha mshahara, na kibarua wa bei rahisi akawa hapatikani tena. Lakini palikuwa na sababu nyingine iliyotoka ng'ambo. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha mkonge upatao tani 230,000, ikiwa ya kwanza duniani. Baada ya hapo bei ilianguka, kwa kuwa viwanda vya nchi tajiri vilianza kutengeneza kamba za nyuzi za plastiki. Mtambo uliowekwa upande wa pili wa dunia ukawaondoa kazini watu wa Tanga na Morogoro ambao hawakupata kuuona. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Barabara, bomba na reli

Serikali ya TANU iliingia katika Uhuru na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Katika Nyanda za Juu Kusini kaulimbiu hiyo ilipata umbo kwa sababu ya mambo yaliyotokea jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao haramu, na Zambia ikakabiliwa na hatari ya kufungiwa njia ya kwenda baharini. Njia mpya ilibidi ipite kwetu. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilitiwa lami, ikipita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Ujenzi wa Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ulianza mwaka 1970, na njia nzima ya kilomita 1,860 ilikamilika mwaka 1975 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Kazi iliyofanywa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inaupanda ukingo wa nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja mengi, ilikuwa ngumu kuliko nyingine zote. Ujenzi ulipopamba moto Watanzania na Wazambia zaidi ya 30,000 walifanya kazi pamoja na maelfu ya Wachina. Hao nao waliondoka makwao wakaishi kambini. Tofauti yao na manamba ilikuwa kwamba wengi wao walijifunza ufundi: kuendesha mitambo, kuchomelea vyuma, kupima ardhi, kuongoza treni. Vijana wengine walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli. Mradi ulipokwisha, mtu aliyekwenda na mikono mitupu alirudi na kazi aliyoweza kuifanya popote.

Hata hivyo historia yetu haituruhusu kusema kwamba kila chombo kilicholetwa na wenyewe kiliwafaa wote. Huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, trekta lilifungua mashamba makubwa ya mahindi katika miaka ya 1950 na 1960. Wenye matrekta walilima maeneo mapana. Wasiokuwa nayo wakawa vibarua wao. Ugomvi juu ya ardhi na ujamaa uliofuata uliishia katika damu: tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa huko. Miezi mitano baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Katika kisa cha Isimani tunajifunza kwamba chombo cha kisasa huweza kuwagawa majirani mahali pamoja, bila hata umbali kuwako.

Redio moja na watu wengi

Upo mfano mwingine wa miaka hiyo ambao vijana wa leo hawausikii mara nyingi, nao unahusu moja kwa moja suala la kufanya kazi na kujifunza kwa mbali. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Walimu wake walikuwa Dar es Salaam. Wanafunzi wake, wapatao milioni mbili, walikuwa vijijini nchi nzima. Wengi hawakuwa na redio. Basi waliunda vikundi, kila kikundi kikasikiliza redio moja, kikasoma kijitabu, kikajadiliana chini ya kiongozi wake, kisha wote wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Vilevile palikuwa na elimu kwa njia ya posta, na mwaka 1992 kikaanzishwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kimewawezesha watu kusoma bila kuacha makazi yao.

Twaona kwamba sauti ya mtu wa mbali ilileta faida kwa sababu ilipokewa na watu waliokwisha kujipanga. Chombo kilikuwa kimoja na haba, lakini kikundi ndicho kilichoamua namna ya kukitumia.

Simu na mkongo

Mambo ya sasa yalianza taratibu. Hadi miaka ya 1980 mtu wa Makete aliyekuwa na mwana mjini alitegemea barua, simu ya maandishi ya posta na hawala ya fedha, au mfuko uliokabidhiwa kwa utingo wa basi. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, zikapanda milima katika miaka ya 2000. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kutuma fedha kukawa jambo la dakika chache. Nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Wakati huohuo serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao kwa sehemu kubwa ulipitishwa kandokando ya njia zilizokuwako za umeme, za barabara na za reli, ukafika mpakani Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi. Njia ambayo mababu waliipita kwenda shabani ndiyo sasa inayopita habari.

Vyuo navyo vimeongezeka. Chuo cha ufundi kilichoanza Mbeya mwaka 1986 ndicho ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Iringa ina vyuo vikuu na vyuo vikuu vishiriki kadhaa. Kila mwaka hutoka humo vijana wanaojua kuandika programu, kutunza hesabu kwa kompyuta, kuchora matangazo na kufasiri maandishi. Baadhi yao hupata kazi kwa mtu wasiyemwona, wakaifanyia chumbani. Wengine hutumia chombo hichohicho katika kazi za zamani: mkulima wa viazi wa Uporoto hupiga simu kuuliza bei ya soko kabla ya kukubaliana na dalali aliyekuja na lori.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika nchini na shule zikafungwa tangu Machi hadi Juni, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na ofisi nyingine zikawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba kazi fulani hazikuhitaji jengo. Lakini pia ilionekana wazi nani alikuwa na umeme, redio na kompyuta, na nani hakuwa navyo.

Jambo hili limeleta mabadiliko hata katika mawazo. Kwetu sisi kazi ni jembe, ni jasho, ni mgongo uliopinda. Mzee akimwona kijana ameketi asubuhi nzima mbele ya kioo cha kompyuta, humwita mvivu. Naye kijana huona haya kueleza, kwa sababu hana cha kuonyesha ila tarakimu katika simu yake. Usiku, wakati jirani wamelala, yeye ndiyo kwanza anaanza, kwa kuwa saa tatu ya usiku Mbeya ni mchana New York. Lugha ya Kiswahili haina budi kupanua maana ya neno kazi ili kijana huyo apate heshima anayostahili, na mzee apate maelezo anayostahili.

Je, hawa ni manamba wapya?

Msomaji atauliza iwapo kijana huyu ni mtu huru au ni manamba wa namna nyingine. Jibu letu ni kwamba bado haijaamuliwa.

Kwa upande mmoja amepata neema ambayo babu yake hakuipata. Analala nyumbani kwake. Anawaona watoto wake wakikua. Akitaka kusaidia kuvuna, yuko karibu na shamba. Ujira wake unatumika Mafinga na si katika duka la mwenye shamba. Kijiji ambacho kwa miaka mingi kilitoa nguvu zake nje chaweza sasa kubaki nazo.

Kwa upande mwingine, yako mambo yanayofanana mno na yale ya zamani. Masharti ya kazi ameyaandika mtu wa mbali, na kijana huyakubali kwa kubonyeza kitufe, kama babu yake alivyobonyeza dole gumba. Mara nyingi mwajiri humjua kwa namba ya akaunti tu. Kazi ikikataliwa, haihesabiwi, kama siku ya kipande isiyotiwa alama. Na zile gharama tulizozitaja, ambazo zamani zilibebwa na mke aliyebaki nyumbani, zimerudi palepale nyumbani: kompyuta ni ya mfanyakazi, umeme ni wake, fedha ya kununulia intaneti ni yake, chumba ni chake, ugonjwa ni wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha kazi kwa juma. Lakini sheria hiyo humlinda mwajiriwa, na mfanyakazi huyu mara nyingi huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa.

Hatari hiyo si ya kubuni. Huko Nairobi vijana wengi wameajiriwa kuzisoma na kuzichuja picha na maneno maovu kwa niaba ya makampuni makubwa ya ng'ambo, na wengine kuifundisha mitambo ya akili mnemba kutambua mambo. Baadhi yao walipeleka malalamiko yao mahakamani juu ya ujira na juu ya madhara waliyoyapata katika nafsi zao. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana katika mji huo wakaazimia kuunda chama chao. Hawa hawakufanya kazi chumbani peke yao. Wengi wao walikuwa katika ofisi pamoja na wenzao, wakajuana, na kwa sababu hiyo waliweza kusema kwa sauti moja. Tujiulize basi kijana wa Ludewa aliye peke yake na kompyuta yake atakutana wapi na mwenzake.

Tena tukumbuke kamba za plastiki. Akili mnemba sasa yaweza kufasiri, kuandika barua na kutunza hesabu kwa kiasi fulani, na hizo ndizo kazi ambazo vijana wetu huanza nazo. Hata katika mashamba ya chai ya Mufindi mashine zimeanza kuchukua nafasi ya vidole vya mchumaji. Nchi iliyotegemea zao moja ilijeruhiwa mtambo wa ng'ambo ulipobadilika. Mtu anayetegemea kazi moja nyepesi kutoka kwa mteja mmoja wa mbali yumo katika hatari iyo hiyo.

Hitimisho

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Teknolojia hii ni mgeni, na wenyeji wa Mbeya na Iringa wana haki ya kupona kwa kuja kwake. Historia tuliyoieleza yatuonyesha mambo ambayo mwenyeji hana budi kuyafanya.

Kwanza, wanaofanya kazi hizi wajiunge. Vikundi vya Mtu ni Afya vilisikiliza redio moja. Vijana wa kata moja waweza vilevile kuwa na chumba kimoja chenye umeme wa uhakika na intaneti ya shirika, wakagawana gharama, wakafundishana, wakaijadili mikataba kabla ya kuikubali. Huo utakuwa mgowe wa siku hizi. Pili, shule zifundishe kuusoma mkataba kwa bidii ileile inayotumika kufundisha kutumia kompyuta. Tatu, mafunzo yawe ya ufundi unaohamishika, kama yalivyokuwa ya wajenzi wa reli, ili kazi moja ikipotea mtu asipotee nayo. Nne, tusiione lugha yetu kuwa kikwazo. Kiswahili, ambacho mwaka 2021 UNESCO ilikitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, kinahitaji wafasiri, wahariri na wataalamu wa kompyuta wanaokijua kwa undani, na hao hawawezi kutoka mahali pengine.

Tunamaliza kwa ombi kwa walimu. Wazee waliokwenda mkongeni, Lupa, shabani au Wenela wamebaki wachache sana, na waliojenga Reli ya Uhuru nao ni wazee sasa. Wapelekeni wanafunzi kwao na daftari. Waulize: ulipewa namba gani? Ulilipwa nini kipande kilipojaa? Nani alilima shamba lako ulipokuwa huko? Kisha mwanafunzi arudi nyumbani amuulize kaka au dada yake anayefanya kazi kwa kompyuta maswali yayo hayo, ayaandike majibu ya wote wawili katika ukurasa mmoja, na darasa liyasome pamoja.